Shahidi wa Sufuria

Niseme mapema tusije tukasumbuana: mimi si mtu wa kusamehe. Kanisani nimehubiriwa sana, mume wangu Matheka amenisihi mpaka akachoka, na kila anayenijia na habari za msamaha namwuliza swali moja tu, kama amewahi kumtazama binti yake akifua kitambaa cha meza ambacho wageni hawakukichafua. Kama hajawahi, basi anywe chai yake aende.

Tulikaa mtaa wa Ziwani, Nairobi, kwenye nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, mlango wangu ukitazamana na wa Jecinta. Kati yetu palikuwa na kijia cha saruji na mfereji wa maji wa mstari mzima wa nyumba. Jecinta alikuwa mke wa Muturi, seremala wa Gikomba, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Mbithe wangu na Wangeci wake walizaliwa mwaka mmoja. Tuliazimana chumvi, tukaazimana jiko, na mmoja akienda hospitali mwenzake alibaki na watoto wote. Wakati huo ungeniambia kwamba nitakuja kumchukia yule mwanamke, ningekucheka.

Mstari wetu ulikuwa na desturi yake, ambayo sijaisikia Makongeni wala Kaloleni. Tulikuwa watu wa kila pembe, na wazee wakija mjini kwa mambo ya posa walikuwa na wasiwasi na chakula cha mji. Hawakujua nyama imetoka wapi wala maji yamechotwa wapi. Basi tukakubaliana kwamba jirani wa mlango wa mbele ndiye atakayeonja kwanza, mbele ya wageni. Tulimwita shahidi wa sufuria. Jirani ndiye anayejua unanunua nini na wapi, na kama sufuria unaiosha au unaipangusa tu. Shahidi akila, wageni wanakula. Kumruka jirani wa mbele ukamwita mwingine kulikuwa ni kumtangazia vita, na kukataa kuonja hakuna aliyewahi kukufikiria.

Sasa nije kwa mabuu, maana bila hayo hakuna kisa.

Nilianza kuyafuga mwaka wa njaa, ule tuliokula unga wa njano. Nilikuwa na kuku nyuma ya nyumba, na chakula cha kuku kilipotea madukani hata kabla ya chakula cha watu. Walikonda wakabaki manyoya yanayotembea. Siku moja nilikuwa soko la Kariokor, nyuma ya vibanda, nikiokota majani ya kabeji, nikaona kuku wa watu wamejazana kwenye rundo la maembe yaliyooza, wanachakura na kumeza bila kuinua kichwa. Nikasogea. Ndani ya yale maembe mlijaa mabuu manene, rangi ya uji wa wimbi, yakipinduka juu ya mengine hivi kwamba rundo zima lilikuwa likitikisika. Juu yake aliruka nzi ambaye sikuwahi kumjali: mweusi, mrefu, kiuno chembamba, mpole kiasi cha kumshika kwa vidole. Si yule nzi wa chooni anayekuja kukaa kwenye chapati yako. Huyu haingii nyumbani wala hagusi chakula cha mtu. Anataga mayai yake karibu na uozo, kisha anakwenda zake kufa.

Nililitia rundo lote ndani ya gunia nikalibeba mgongoni hadi nyumbani, na watu wakinipisha njia.

Matheka, ambaye ni dereva wa lori na mkono wake haushindwi na chuma, alinipasulia pipa kwa urefu tukalilaza nyuma ya banda. Ndani natia maganda, kabeji, makombo ya ugali, matumbo ya samaki. Juu naning'iniza vipande vya katoni, kwa sababu nzi yule hupenda kutaga kwenye vitundu vya pembeni mwa katoni. Upande mmoja nimeegemeza ubao. Buu likishiba na kukomaa hugeuka jeusi, huacha kula, hutafuta pakavu pa kulala. Basi hupanda ule ubao lenyewe, halina miguu lakini linapanda, na likifika juu linaanguka ndani ya debe langu. Nimefanya kazi nyingi maishani, nimechuma kahawa, nimefagia maofisi, na hakuna iliyonipendeza kama hiyo, ya mavuno kujivuna yenyewe. Taka iliyonuka mwanzo wa juma, mwisho wa juma ilikuwa udongo mweusi wa kutilia sukuma wiki. Kuku wakanenepa mpaka wakawa wavivu kukimbia.

Mimi mwenyewe kuku sili. Nilikuwa nikila zamani, lakini tangu nianze kuwashika kila siku, wao na chakula chao, mdomo wangu ulikataa. Niliwachinja, nikawapika, majirani wakafuata harufu hadi mlangoni, na mimi nikala sukuma yangu. Mtaa mzima ulijua. Kila mtu na tumbo lake.

Adui mmoja tu wa kazi ile ni maji. Pipa likilowa mabuu hayakai, yanahama yote, makubwa kwa madogo, kutafuta pakavu. Na Aprili iliyofuata, mvua kubwa ikiwa imeanza, nilikuwa Machakos kumzika shangazi yangu. Upepo ukang'oa kifuniko, maji yakajaa pipani, mabuu yakahama. Pakavu palipokuwa karibu ni kwa Jecinta, na siku hiyo Jecinta alikuwa amewaalika akina mama wa kanisa wote, padri akiwa amekuja kuibariki nyumba. Yalipita chini ya mlango, yakasambaa kwenye zulia, na mama mmoja akayakuta ndani ya kiatu alichokuwa amekivua. Wanasema padri alipanda juu ya kiti na kitabu chake cha sala. Niliporudi nikasimuliwa, nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na dirisha lilikuwa wazi, na Jecinta alikuwa mferejini akichota maji.

Nilikwenda kumwomba radhi jioni hiyohiyo. Nilimfulia zulia. Nikampelekea jogoo mzima kwa miguu yake. Akapokea, akasema, "Yameisha, Mama Mbithe." Jogoo yule hakupikwa; nilisikia kwamba alimpa mwokota chupa aliyekuwa anapita. Lakini neno lilikuwa limesemwa, yameisha, nami nikalichukua kama lilivyo.

Mwezi wa nane wakaja watu wa Nyamai.

Nyamai alikuwa karani wa bohari huko Eneo la Viwanda, kijana wa Kangundo, mpole, wa kuvaa tai hata Jumamosi. Alimpenda Mbithe na Mbithe alimpenda. Hiyo ilikuwa siku ya wazee wake kubisha hodi, kabla ya mambo ya mbuzi wa mahari kuanza, na msemaji wao alikuwa mzee Kiilu, baba yake mkubwa. Mbithe alikuwa ametarizi kitambaa cha meza kwa mkono wake, maua mekundu pembe zote, kazi ya miezi. Mimi nilichinja kuku wangu walio bora. Kulikuwa na wali, chapati, muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, kwa heshima ya wazee, na kuku wa mchuzi mzito. Akina mama wa kanisa walikuja kunisaidia kupakua, kama nilivyokuwa nikiwasaidia wao.

Nilimwita Jecinta aonje. Alikuja amevaa gauni lake la Jumapili. Nikamwekea paja kwenye sahani, akalitazama, kisha akaisukuma ile sahani taratibu kwa vidole viwili mpaka ikafika katikati ya meza.

"Wazee wangu, mnisamehe," akasema. "Mimi kuku wa nyumba hii siwezi. Najua wanachokula."

Mzee Kiilu akauliza wanakula nini.

"Funza. Funza wa takataka. Mwulizeni mwenyewe."

Nilitazama akina mama wa kanisa, wale waliokuwa wakinunua kuku wangu kila Krismasi, na kila mmoja alikuwa amepata kitu cha kutazama chini. Nikasema ni kweli, na kwamba kuku amekula wadudu tangu Mungu amwumbe. Mzee Kiilu hakuwa mtu mbaya. Alitikisa kichwa, akasema hata kwao kuku huchakura. Halafu akanisogezea ile sahani na kusema basi, mama mwenyewe aonje, shahidi wa sufuria awe mwenye sufuria, watu wale.

Nami nikajibu ukweli wangu, kwamba mimi kuku sili.

Mzee akaiacha ile sahani, akasema wametoka mbali na tumbo la safari halitaki vitu vizito. Akaomba maji. Wakanywa maji, wakatushukuru kwa adabu zote, wakaondoka. Nyamai aliondoka nao akigeuka nyuma kila hatua, lakini aliondoka. Kabla ya Krismasi alikuwa ameoa msichana wa Tala.

Jioni ile Mbithe alikifua kitambaa chake. Hakikuwa na doa hata moja. Alikifua hivyohivyo, akakisugua, akakisuuza, akakianika. Hakulia. Hakunilaumu. Hakuzungumza habari ya siku ile, wala kesho yake wala mwezi uliofuata, na ule ukimya wake wote niliutupia kwenye mzigo wa Jecinta. Matheka akaniambia nimwachie Mungu. Nikamwambia Mungu ana kazi nyingi, hii nitamsaidia.

Chakula kile sikukipa mtu. Nilikibeba chote, wali, chapati, muthokoi, kuku na mchuzi wake, nikakimwaga pipani. Nikakaa juu ya kigoda nikitazama. Mabuu yalikuja juu kwa wingi ambao sijauona tena, yakaingia kwenye wali kama watu wanaoingia sokoni, na kulikuwa na mlio, ule mchakacho mdogo wa kula ambao huwezi kuusikia mpaka uinamishe kichwa. Niliinamisha kichwa. Nilisema kwa sauti, nikiwa peke yangu na kuku, kwamba Jecinta atakula chakula hiki. Sikujua vipi. Niliapa tu. Baada ya siku chache hapakuwa na kitu isipokuwa mifupa mikavu, myeupe safi, na mabuu yakaanza kupanda ubao.

Mabuu hayo sikuyachanganya na mengine. Niliyaanika juu ya mabati mpaka yakakauka, nikayatia kwenye mikebe ya mafuta ya Kimbo, nikafunika. Juma hilo kuku wangu mmoja alikuwa ameangua vifaranga. Nikawatenga kwenye kizimba chao, na kila siku nikawapa kiganja cha mabuu ya mikebe ile na si kingine mpaka mikebe ikaisha. Walikua vizuri. Nikawatunza mwaka huo wote. Watu waliniomba niwauzie, nikakataa. Matheka akaniuliza kuku wale nawawekea nani, nikamwambia wana mwenyewe.

Mwaka ukageuka, na Wangeci akapata mchumba. Jina lake Bedan, mwalimu wa shule ya msingi, watu wao ni wa Murang'a. Mtaa ukajaa habari hiyo. Jecinta alipita mferejini akitembea polepole ili aulizwe. Mimi nilimpongeza, nikamwambia tutakuja kusaidia, akanitazama usoni kutafuta kitu, hakukiona. Sura yangu ninaimiliki.

Jambo moja tu lilinikera. Mbithe na Wangeci hawakuwahi kuacha urafiki wao. Nikiwa nimekaa nikiiva kwa hasira, hao wawili walikuwa wakisukana nywele mlangoni. Na siku moja nikamkuta Mbithe anakipiga pasi kile kitambaa cha maua mekundu. Nikamwuliza ni cha nini.

"Nampelekea Wangeci, cha siku yake," akasema. "Hapa kinaoza bure."

Tulikosana. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakikunja, akavuka kijia, akakipeleka.

Kuku wa karamu Jecinta aliagiza kwa Shitanda, ambaye ana kibanda cha kuku hapo Kariokor. Alimwambia anataka kuku wa kwao Kakamega, wa kienyeji, waliochakura shamba safi. Alisema hivyo kwa sauti, nilisimuliwa, akitaja shamba safi mara mbili. Sasa Shitanda ni mtu wangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimjazia kile kibanda miaka yote hiyo, na nusu ya hao kuku wa Kakamega hawajawahi kuvuka mto Nairobi. Nilimpelekea wale wangu wa kizimbani, nikamwambia hawa ni wa Mama Wangeci na si wa mwingine yeyote. Akanitazama, akatazama kuku, akaanza kutabasamu.

"Mama, wewe ni mbaya," akasema.

"Bado hujaniona," nikamwambia.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Wageni wakishakula, Jecinta akishakula, akina mama wa kanisa wakiwa wanalamba vidole, nitasimama katikati ya nyumba niseme. Niseme wamekula funza, na funza hao walilelewa kwa chakula gani, kilichokataliwa na nani. Wazee wa Murang'a waondoke kama walivyoondoka wazee wa Kangundo. Wangeci naye afue kitambaa. Sikumwonea huruma, na anayetaka kunihukumu kwa hilo arudi asome tena pale mwanzo.

Siku ikafika. Tulikwenda wote wa mstari, kwa sababu kutokwenda ni kujitangaza. Mimi nilichukua kazi ya kunawisha wageni mikono, birika mkono huu na karai mkono ule. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cha Mbithe. Kuku walinukia hadi mferejini. Siwezi kusema uongo, Jecinta anajua kupika. Wageni walikaa, msemaji wao mzee Wanyoike akiwa kwenye kiti kikubwa cha Muturi, Bedan pembeni yake akitokwa jasho, na Wangeci amesimama nyuma ya mama yake akishika kiti kwa mikono miwili.

Ikafika wakati wa kuonja. Jecinta hakuweza kuniita mimi, na hakuthubutu kumwita mwingine mbele yangu. Akasema ataonja mwenyewe, mama wa nyumba. Mzee Wanyoike akasema vyema. Jecinta akajipakulia paja, akaliweka kwenye sahani, akanyoosha mikono nimnawishe.

Nilikuwa nimeinama kwake, maji yakimtiririka vidoleni, ndipo nilipouona upumbavu wa mpango wangu. Nikisubiri wamalize kisha niseme kwa sauti, atatema, atalia, na watu wote watamhurumia. Nitakuwa mimi ndiye mchawi. Lakini akijua sasa, peke yake, mbele ya wakwe, na paja liko kwenye sahani, hatakuwa na pa kutemea.

Nikamnong'oneza polepole, kwa Kiswahili chepesi, ili asikose neno.

"Kuku hawa ni wangu. Wamelelewa kwa chakula cha siku ya Mbithe, kile ulichosukuma kwa vidole viwili. Funza walikila, kuku wakawala funza. Sasa onja, wageni wanangoja."

Mikono yake ilisimama ndani ya maji. Sikuwahi kuona uso wa mtu ukiondoka kabisa na macho yakabaki. Nikampa taulo. Akajifuta kidole baada ya kidole, akatazama lile paja, akatazama mzee Wanyoike aliyekuwa akimtabasamia, akageuka kidogo akamwona Wangeci. Kisha akalichukua akaling'ata.

Ee, nilifurahi. Nisiseme uongo hapa, sijawahi kufurahi hivyo hata siku ya arusi yangu. Alitafuna, koo likapanda na kushuka, akameza. Machozi yakamjaa, na mzee mmoja akasema kwa upole kwamba mama ni mama, kumtoa binti si jambo dogo. Akang'ata tena. Nilisimama na birika langu nikitazama kila tonge likienda chini, wali wa Mbithe, chapati za Mbithe, na moyo wangu ukawa unaimba.

Alipomaliza aliweka mfupa kwenye sahani, akajipangusa midomo. Akakaa hivyo kidogo. Kisha akainua kichwa na akaongea kwa sauti ile ya mikutano ya kanisa.

"Wazee wetu, hapa Ziwani tuna desturi. Mwenye nyumba kuonja haitoshi. Jirani wa mlango wa mbele ndiye shahidi wa sufuria. Na leo tuna bahati, maana kuku hawa ni wa mkono wake mwenyewe, amewafuga yeye. Mama Mbithe, weka birika chini, uje uonje."

Vijiko vya akina mama wa kanisa vilisimama. Wote walielewa mara moja, na wote walijua kwamba mimi kuku sili. Jecinta akanipakulia, si kipande kidogo, akanisogezea sahani kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Macho yake yalikuwa bado na maji, na ndani yake niliona kitu ninachokijua vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeishi nacho mwaka mzima.

Nilikuwa nimekamatika. Nikikataa, wakwe watashtuka na huenda posa ikavunjika, na hicho ndicho nilichokitaka. Lakini nikikataa nitakuwa nimesema mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya mstari wote, kwamba kuku wangu si chakula cha mtu, na kwamba siku ile Jecinta alisema kweli. Wangeliimba hilo Ziwani mpaka nife. Mzee Wanyoike alikuwa akingoja. Bedan alikuwa ameacha kupumua. Wangeci alinitazama kama alivyokuwa akinitazama utotoni alipovunja kikombe changu.

Watu wasije wakasema nilimwokoa. Nilikula kwa chuki. Nilikaa mbele ya Jecinta, nikalishika lile paja la kuku wangu, na macho yangu yakiwa kwenye macho yake nikaling'ata hadi kwenye mfupa.

Nilingoja koo likatae. Halikukataa. Ilikuwa nyama tu, ngumu kidogo kama ya kuku aliyetembea, mchuzi wa vitunguu na dania, tamu. Nikatafuna nikameza, nikang'ata tena, na Jecinta naye akachukua kipande cha pili akitafuna nami, tunatazamana, mafuta yakituchuruzika, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuacha. Mzee Wanyoike akacheka, akasema hajaona mashahidi wanaopenda kazi yao hivi, akaomba shingo. Wageni wakaanza kula. Akina mama wa kanisa nao wakala, wangefanya nini. Mchuzi ukanidondoka kwenye kiganja, ukaanguka juu ya ua jekundu la kitambaa na kuenea.

Nikageuka kumtafuta Mbithe. Nilitaka anione. Nilitaka ajue kwamba nimewalisha wote, kwamba chakula chake kimeliwa mpaka mifupa, kwamba yameisha.

Alikuwa karibu nami kuliko nilivyodhani, amebeba sinia la chapati. Alilitazama lile doa, kisha paja lililobaki nusu mkononi mwangu, kisha mdomo wangu.

"Kumbe unaweza, mama," akasema.

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, ningejua la kumjibu.